Kidole cha Bibi Hakisomeki

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Sisi huku tumeamka salama, na kabla ya yote nataka kujua mgongo wako unaendeleaje, na kama yale macho yaliyokuwa yakikuwasha baada ya kuchomelea yamepoa. Bibi anauliza kama unaivaa ile miwani ya kazini au umeitundika kwenye msumari kama pambo. Amesema nikuandikie hivyo hivyo alivyosema. Yeye ni mzima, anakula vizuri, goti humsumbua akiinuka lakini akishasimama hakuna wa kumkamata. Mimi pia ni mzima. Katika mtihani wa majaribio nimekuwa wa tatu darasani. Aljebra ndiyo iliyonishusha, ila mwalimu anasema nikikaza buti nitafika. Mtihani wenyewe umebakiza wiki tisa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu ya bibi, baba, tangu ilipoanguka kwenye beseni inapaza sauti yenyewe. Nikikueleza mambo haya kwa simu, jirani yetu Mama Redio atayasikia kabla yako na atayatia chumvi. Halafu ni mambo marefu. Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha kwamba barua ya nyumbani isiandikwe kwa hasira. Mtu atulie, anywe maji, ndipo ashike kalamu. Nimekunywa maji tangu Ijumaa, baba. Hasira iko palepale. Naomba unisamehe ukikuta mahali kalamu imetoboa karatasi.

Unaikumbuka ile ruzuku ya serikali tuliyoisikia redioni ulipokuja likizo? Ilisemwa kwamba kila mkulima mdogo wa wilaya yetu atatumiwa fedha kwenye simu yake kabla ya kupanda, kulingana na ukubwa wa shamba, anunue mbolea na mbegu bora. Ulifurahi sana siku ile. Ulisema safari hii bibi atalima kama binadamu. Sharti lilikuwa kuandikishwa kwenye ghala la ushirika, ukiwa na karatasi ya shamba, na kuweka dole gumba kwenye mashine, ili serikali isije ikalipa wakulima hewa.

Tulikwenda siku ya mwisho ya likizo yetu, ambayo pia ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikishwa. Mimi nilibeba karatasi ya shamba kwenye ile bahasha ya kaki uliyoizungushia utepe mweusi wa umeme. Ndani ya ghala kulikuwa na meza, bwana shamba nyuma yake, kompyuta, na kijimashine cha kusoma vidole, kidogo kama kiberiti, chenye kioo juu. Taa ikiwaka kijani, umesomeka. Ikiwaka nyekundu, unafuta kidole unajaribu tena. Msaidizi wa bwana shamba hakuwepo, tuliambiwa anaumwa. Bwana shamba aliponisikia nikimsomea bibi karatasi, aliniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Bibi alijibu kabla yangu kwamba unasomeka kuliko wake yeye. Watu wakacheka, naye akacheka, nikapewa daftari la kuandika majina, na boksi la kukalia kwa sababu viti vilikuwa viwili tu.

Wa kwanza, akipita pembeni ya foleni kama hakuiona, alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule tunayemwita Bosi Saruji. Ana ekari nane kando ya barabara, baba, unazijua. Hajawahi kupanda hata shina moja la mhindi. Mna rundo la matofali na nyasi zinazonifika kifuani. Alileta karatasi yake, akaweka kidole, kijani papo hapo. Akaondoka akijipepea na kofia.

Bibi akaweka chake. Nyekundu. Akafuta kwa upindo wa kanga, akaweka. Nyekundu. Bwana shamba akampaka spiriti, akampaka mafuta, akamwambia akisugue kidole kwenye nywele zake, akamtaka abonyeze sana, asibonyeze sana. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nilikichukua kidole chenyewe nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nimeshika mkono ule tangu nilipokuwa natambaa na sikuwahi kuutazama. Hakina mistari, baba. Mpini wa jembe na mchanga wa kusugulia masufuria vimekilamba mpaka kikawa kama jiwe la mtoni. Bibi alicheka akasema alidhani ni yeye tu asiyejua kusoma, kumbe na mashine.

Na hakuwa peke yake. Kila mama mzee aliyekuja na mikono ya shamba aliwaka nyekundu. Ilipofika mchana walikuwa wamekaa ukutani kumi na mmoja, wamenyoosha miguu, wanapepea vidole vyao kama vimeungua. Mama Redio alisema kama mashine inapenda vidole laini basi angemleta mumewe, maana hajashika jembe tangu siku ya harusi yao. Tulicheka mpaka bwana shamba akagonga meza. Sasa hivi nikiikumbuka kauli ile sicheki. Alisema kweli tupu. Waliosomeka siku ile ni watu wa dukani na wa ofisini, na shemeji yake bwana shamba ambaye analima kwenye karatasi tu. Wanaolima hawakusomeka.

Saa kumi gari la wilaya lilikuwa lije kuchukua mashine. Kabla ya saa hiyo wale kina mama kumi na mmoja walikuwa wamesomeka, wote, na kila mmoja alitoka na kikaratasi chake cha kuandikishwa mkononi. Walivyosomeka nitakueleza mbele. Ndiyo sababu ya barua hii, lakini nataka kwanza ujue yaliyofuata.

Bibi alirudi nyumbani akiimba. Fedha zilikuwa zije kabla ya mvua, na mvua ilipoanza bila fedha, alisema serikali ina watu wengi, zamu yetu itafika. Ardhi haisubiri, kwa hiyo alimuuza yule mbuzi jike mwenye baka jeupe, uliyempa mwenyewe, akanunua mifuko miwili ya mbolea. Nilimsihi tusubiri wiki moja. Aliniambia atanunua mbuzi wawili ruzuku ikiingia. Sikukuandikia habari ya mbuzi wakati ule kwa sababu alinikataza, na mimi pia niliamini.

Ujumbe ulifika mahindi yakiwa magotini. Nilikuwa nachota maji nikasikia simu ya bibi ikilia mpaka bombani. Nilikimbia. Ilisema maombi yake yamekataliwa kwa kuwa alama ya kidole imetumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Sikumaliza kuusoma Mama Redio akaingia na simu yake, nyuma yake mwingine, na mwingine. Jioni ile niliusoma ujumbe huo mara kumi na moja, kwa watu kumi na mmoja, na kila mmoja aliniuliza kama sijaruka neno. Bosi Saruji alipata zake. Alizipata za ekari zote nane, na siku ya pili alileta lori jingine la matofali.

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ghala. Juu yake waliandika kwa herufi kubwa WADANGANYIFU. Jina la bibi lilikuwa la kwanza. Chini ilisema kwamba wamefungiwa ruzuku kwa miaka mitano, na kwamba waje kwenye mkutano kumtaja mwenye kidole, la sivyo majina yao yatapelekwa polisi. Baba, yule ni mama yako. Ni mtu anayerudisha kiberiti alichoazima hata kama kimebaki na njiti mbili. Watu walisimama pale kusoma jina lake huku wanakula miwa. Siku hizi mwenye kinu cha kusaga unga akimwona anaitia kufuli stoo yake.

Mkutano ulikuwa Ijumaa hii iliyopita. Mkaguzi alitoka wilayani na mashine yake mezani. Sisi wanafunzi tulikuwa tunatoka shule, tukasimama nyuma. Mkaguzi alieleza kwamba kidole kimoja kimeandikisha watu kumi na mmoja, na kwamba mtu huyo ni mwizi wa mali ya umma na lazima apatikane. Akamuuliza bwana shamba ilikuwaje. Bwana shamba alitazama viatu vyake. Alisema yeye hakuona chochote, alitoka mara moja kwenda kunywa maji, pengine hawa kina mama walimwingiza mtu wao. Alilisema hilo mbele yao wote! Mama Redio, ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye msiba, alikuwa amefumba mdomo, ametazama mbele. Wote kumi na mmoja walitazama mbele. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Ndipo bibi akainuka. Unajua anavyoinuka, mkono mmoja kwenye goti. Akasema kidole ni chake, kina mama wenzake hawana kosa, wamwandike yeye. Mkaguzi akamwambia aje akiweke. Akaenda. Nyekundu. Akamwambia tena. Nyekundu. Mara ya tatu watu waliokaa kwenye viti vya mbele walianza kucheka, na Bosi Saruji akasema kwa sauti kwamba mwizi huyu hata kuiba hajui. Mkaguzi akamwambia bibi kwamba utu uzima si leseni ya kuchezea ofisi ya watu, akatoa siku kumi na nne mtu huyo aletwe. Bibi alirudi kukaa. Alipita karibu yangu na hakunitazama.

Hakunitazama, baba, kwa sababu kidole ni changu.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa. Sasa nakueleza ilivyokuwa, bila kujipunguzia. Siku ile ya kuandikishwa, saa tisa na nusu, bwana shamba aliniita pembeni ya magunia. Alisema muda umekwisha, na hawa bibi zangu watakosa haki yao kwa sababu ya kijitaa. Alisema sheria inamruhusu mtu wa familia kumwekea mzee kidole, na mimi si ndiye mjukuu. Nikaweka kwa ajili ya bibi. Kijani. Bibi akapiga kigelegele. Mama Redio akauliza kama mjukuu ni wa nyumba moja tu au ni wa kijiji, na wengine wakasema ndiyo, mjukuu wetu, mjukuu wetu, wakapanga foleni. Niliweka mara kumi na moja. Bwana shamba alikuwa ameketi mahali pake, anabonyeza kompyuta na kutazama saa. Hakutoka kunywa maji wala nini.

Nimejiuliza mbona sikushtuka. Nadhani ni kwa sababu macho yangu wameyaazima siku zote kusomewa ujumbe, na mkono wangu kuandikiwa barua. Kidole niliona ni kitu kingine tu cha kuazimana. Na nitasema yote: nilijiona mtu. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Nilidhani nimewasaidia.

Ijumaa nilikuwa nimesimama nyuma na gumba nimelikunja ndani ya ngumi, ngumi ndani ya mkono wa sweta. Bibi alipowaka nyekundu ya kwanza nilisema moyoni, sema sasa. Ya pili nikasema, sema. Walipomcheka nikaisogeza ngumi mgongoni. Nilifikiria mtihani, nikafikiria karo unayoituma, nikafikiria neno polisi. Nikakaa kimya. Kina mama kumi na mmoja wakanificha, na mimi nikakubali kufichwa. Nina hasira na bwana shamba, nina hasira na yule mkaguzi, nina hasira na kila aliyecheka, lakini hasira inayoninyima usingizi ni hii niliyo nayo juu yangu mwenyewe.

Kuna jambo jingine, nalo nimelijua jana tu. Nilimweleza mwalimu wa Kiswahili. Hakunigombeza. Aliniuliza mara mbili kama bwana shamba alikuwepo, kisha akatoa kwenye kabati kitabu kidogo cha maelekezo ya ruzuku ambacho kila shule ililetewa na hakuna aliyekifungua. Ukurasa wa tisa unasema mkulima ambaye kidole chake hakisomeki ataandikishwa kwa picha na mashahidi wawili, kwa kutumia fomu namba sita. Basi. Picha na mashahidi wawili! Mwalimu alisema fomu hizo ni ndefu, zinachukua kama nusu saa kwa kila mtu, na pengine bwana shamba aliona uvivu, au aliogopa gari la wilaya likimkuta bado. Nilipoiona namba hiyo niliisoma tena. Lile boksi nililopewa nikalie, baba, lilikuwa limeandikwa ubavuni Fomu Na. 6. Niliyakariri maandishi yale siku nzima maana yalikuwa karibu na goti langu. Fomu za bibi nilizikalia kuanzia asubuhi mpaka saa kumi.

Alhamisi nitakwenda wilayani. Mwalimu atanisindikiza, na kina mama wote kumi na mmoja wanakuja. Mama Redio ameshapanga na lori la mazao litupeleke. Nimeandika maelezo yangu kurasa tatu kwa mwandiko safi. Nitaweka kidole changu kwenye mashine mbele ya mkaguzi, ione kijani yake, kisha nitaomba kila mama aweke chake ili aone nyekundu zote kumi na moja kwa macho yake. Halafu nitamfungulia ukurasa wa tisa. Na nitamwambia boksi la fomu lilikuwa wapi na nani aliyekuwa amekaa mezani. Mwalimu anasema wanaweza wakanielewa. Anasema pia wanaweza wasinielewe, na shule ikalazimika kunisimamisha kabla ya mtihani. Sikuona vyema kukuficha hilo.

Bibi alinikatalia katakata. Alisema yeye ni mzee, wamwite mwizi mpaka wachoke, jina lake halifanyi mtihani wowote. Jioni hii nilimwomba anisikilize nimsomee barua hii tangu mwanzo. Alisikiliza huku anachambua maharage. Nilipofika kwenye mkutano aliacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza kama habari ya goti lake ilikuwa na ulazima. Nikajua amekubali. Akasema Alhamisi tutatoka mapema, nipige pasi ile sketi ya shule.

Barua hii nampa dereva wa lori lile lile, na ikikufikia Alhamisi itakuwa imepita. Kwa hiyo sikuombi ruhusa, baba, na hilo naomba usilione kuwa ni utovu wa adabu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika jina langu kwenye kipande cha boksi kabla sijaanza shule, ukaniambia mtu akishaliweka jina lake mahali, hapo amesema neno. Mimi niliweka kidole mahali mara kumi na moja. Naomba tu habari uipate kutoka kwangu kwanza. Usimkasirikie bibi kwa ajili ya mbuzi. Na ukiwa na nafasi, tazama gumba lako mwenyewe. Mikono yako imeungua cheche miaka mingi, na sijui mashine yao ingekuona.

Mahindi yetu ni mazuri, usihuzunike sana. Yameshika rangi ile ya kijani nzito, na upande wa chini yamenipita kimo. Yule mbuzi aliyegeuka mbolea ameonekana kwenye majani. Nina matumaini, baba. Sijui kwa nini, lakini ninayo.

Bibi anakusalimu na anasisitiza habari ya miwani. Mama Redio anakusalimu pia, amenisimamia mlangoni mpaka nimeiandika salamu yake. Kula vizuri, na usinyanyue vyuma vizito peke yako.

Ni mimi binti yako unayempenda,
Karani wako.

Hapa chini nimeweka dole gumba langu kwa wino wa kalamu, ulijue. Ukigeuza karatasi kwenye mwanga utaona mistari yote. Bibi naye alitaka kuweka lake kando ya langu. Ukiona pale doa la bluu lisilo na kitu ndani yake, usidhani wino umenimwagikia. Hiyo ni sahihi ya mama yako.